Bustani ya Maktaba Mwishoni mwa Vuli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi kwenye majimbo ya Marekani yenye baridi kali: Maine, Michigan, Ohio, Iowa, Minnesota, Kentucky na majirani zao. Wengi wametoka Kongo, Burundi, Rwanda, Tanzania na Kenya, baadhi wakipitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, na wengi wamelima tangu utotoni. Kwa hiyo hapa hatumfundishi mtu kushika jembe. Kinachohitaji maelezo ni baridi, pamoja na namna maktaba za huku zinavyoendesha bustani zao. Majibu yanahusu kipindi cha mwisho wa Oktoba hadi mwanzo wa Desemba, majani ya miti yakishapukutika na ardhi ikiwa bado haijaganda.

Maktaba na kilimo vinakutana wapi?

Maktaba ya umma huku inaendeshwa kwa kodi za wakazi, na kazi yake imekuwa kuwaazimisha watu vitu ambavyo si lazima kila nyumba ivinunue. Ilianza na vitabu, lakini haikuishia hapo. Maktaba ya Umma ya Berkeley, California, imekuwa ikiazimisha vifaa vya kazi tangu mwaka 1979. Mwaka 2010 maktaba ya Richmond, mji wa jirani, ilifungua droo za mbegu. Tangu hapo mamia ya maktaba nchini yamefuata, na baadhi yake zina pia vitanda vya mboga uani au kando ya maegesho ya magari. Mtu anaazima mbegu kama anavyoazima kitabu, anapanda, anakula, na akijaliwa anarudisha mbegu za mavuno yake.

Nitalipa? Nitaulizwa karatasi za uhamiaji?

Kwa kawaida hulipi chochote, na kwenye maktaba nyingi huhitaji hata kadi ili kushiriki siku ya kazi za bustani. Kadi yenyewe ni bure kwa mkazi wa eneo. Kinachotakiwa ni kitambulisho na kitu chenye anwani yako, kama barua au bili ya umeme. Uraia hauulizwi.

Kiingereza changu ni kidogo. Nitaelewana nao vipi?

Njoo hivyo hivyo. Kazi ya bustani huonyeshwa kwa mikono, na mtu anayekuona unavyopanga matuta hahitaji maelezo mengi kujua kwamba unajua unachofanya. Baadhi ya maktaba zina mkalimani wa simu. Mwambie mhudumu neno moja tu, “Swahili”, naye atajua la kufanya. Nimeona akina mama waliokaa darasani muda mrefu bila kufungua kinywa wakianza kuongea Kiingereza juu ya kitanda cha sukuma wiki, kwa sababu hapo wao ndio wanaoulizwa maswali.

Baridi yote hii, nije kufanya nini? Si bora nisubiri Mei?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu langu halibadiliki: njoo sasa.

Vitanda vya mwakani hugawiwa wakati wa baridi, mara nyingi kati ya Januari na Machi. Anayejitokeza Mei, jua likiwa limeshawaka na miche imeshajaa madukani, hukuta orodha imejaa na jina lake linaandikwa la kusubiri. Mwishoni mwa vuli watu ni wachache, kwa hiyo msimamizi anakujua kwa jina, anajua unaishi wapi, na vitanda vinapogawiwa anakukumbuka. Hakuna upendeleo hapo. Ndivyo bustani za jumuiya zinavyokwenda: anayebeba majani Novemba hahesabiwi mgeni Mei.

Halafu kazi yenyewe ya msimu huu ndiyo inayoamua mavuno ya mwakani. Vitunguu saumu vinapandwa sasa. Udongo unapimwa sasa. Majani ya miti, ambayo ndiyo mbolea ya bure kuliko zote hapa, yanaanguka sasa na hayatarudi hadi mwaka ujao. Mbegu nazo zinakusanywa na kusafishwa sasa.

Jalidi ni kitu gani hasa, na nitajuaje kwamba inakuja?

Ni ile barafu nyembamba, nyeupe, inayotanda juu ya majani alfajiri. Waliokulia Limuru, Njombe au Rutshuru huenda wamewahi kuona baridi ya asubuhi, lakini ya huku inaua bustani nzima kwa usiku mmoja. Hutokea hali ya joto inaposhuka hadi nyuzi 0 za Selsiasi, ambazo kwa kipimo cha Marekani ni 32 za Farenhaiti. Ikifika nyuzi 2 chini ya sifuri (28 za Farenhaiti) kwa saa kadhaa, mimea yote ya nchi za joto imekwisha.

Jalidi ya kwanza Minneapolis kwa kawaida huja wiki za kwanza za Oktoba. Louisville huja mwishoni mwa mwezi huo. Usiku wa hatari ni ule wenye anga safi, nyota zikionekana zote, na upepo umetulia. Mawingu hufunika joto la ardhi lisipotee. Idara ya Hali ya Hewa ya Taifa hutoa tahadhari bure ambazo unaweza kuzisoma kwenye simu, ila kumbuka kwamba baridi kali ya kwanza ikishapita na msimu wa kilimo ukihesabiwa umekwisha, tahadhari hizo huacha kutolewa. Usidhani kimya chake ni usalama.

Shuka kuukuu likitandikwa juu ya mimea kabla jua halijazama, likafika hadi chini ardhini, huongeza nyuzi mbili tatu za joto. Liondoe asubuhi. Nailoni ikigusa majani huyaunguza, kwa hiyo inyanyue kwa vijiti.

Lengalenga yangu imelala nyeusi usiku mmoja. Nini hufa na nini hubaki?

Hufa kwa jalidi ya kwanza: mchicha (lengalenga, dodo), matembele, majani ya maboga, maharage, bamia, pilipili, nyanya, bilinganya, intoryi au nyanya chungu, na ngai-ngai (majani machachu ya rozela). Hakuna dawa. Chuma kila kinacholika jioni ile ile unaposikia tahadhari.

Hubaki: sukuma wiki, keli (kale, jamaa ya sukuma wiki), spinachi, karoti, kabichi kwa muda, na vitunguu vya majani. Sukuma wiki na keli hupendeza zaidi baada ya jalidi, kwa sababu mmea huongeza sukari ndani ya majani ili maji yake yasigande haraka. Mtu aliyezoea sukuma ya Nairobi akionja ya Novemba ya Ohio hushangaa. Ukikuta majani yamekakamaa kwa barafu asubuhi, usiyachume. Subiri yayeyuke, kwani ukiyagusa yakiwa yameganda yatageuka maji mkononi.

Jambo moja ambalo sisi wa karibu na ikweta tunachelewa kulizoea ni mwanga. Nyumbani mchana ni saa 12 mwaka mzima. Huku, ndani ya Novemba, mchana hushuka chini ya saa 10, na hapo mimea karibu yote huacha kukua hata kama haijafa. Kwa hiyo sukuma iliyobaki shambani ihesabu kama akiba ya ghalani: utakachochuma Desemba hakitachipua tena hadi machipuko, yaani majira ya Machi hadi Mei.

Nyanya zangu bado za kijani. Nizitupe?

Usitupe. Zile zilizokwisha kufikia ukubwa wake na zimeanza kuwa na weupe kidogo zitaiva ndani ya nyumba. Zipange kwenye boksi, zisigusane, zifunike kwa gazeti, weka ndizi mbivu au tofaa moja katikati, na zikae mahali penye joto la kawaida la chumba. Jua la dirishani halihitajiki. Usiziweke kwenye friji, zitaharibika ladha. Zilizo ndogo na ngumu zifanyie achari au zikaange na vitunguu.

Na viazi vitamu na maboga?

Viazi vitamu vichimbwe kabla udongo haujapoa sana. Jalidi ikishaua majani usikawie hata siku mbili, maana ubaridi unashuka hadi kwenye viazi na vinaoza stoo. Vikitoka ardhini havioshwi. Viweke mahali penye joto na unyevu, karibu nyuzi 27 hadi 30, kwa siku 7 hadi 10, ili michubuko ijifunge na utamu uingie. Watu wengi hutumia chumba kidogo chenye kipasha joto na ndoo ya maji. Baadaye vihifadhi kwenye nyuzi 13 hadi 15, na vitafika Machi. Kwenye friji vinakuwa vigumu katikati, hata ukivichemsha saa nzima.

Boga likatwe na kikonyo chake, wala usilibebe kwa kikonyo. Kikikatika, hapo ndipo uozo unapoingilia.

Kuna kitu chochote cha kupanda sasa?

Kipo, nacho ndicho furaha ya bustani nyingi za maktaba msimu huu: vitunguu saumu. Siku ya kuvipanda huwa na watu wa rika zote kwa sababu kazi ni nyepesi na matokeo hayadanganyi. Kila punje moja unayoipanda inatoa kitunguu kizima.

Wakulima wa Mbulu wanajua kwamba zao hili linapenda ubaridi. Huku linautaka hasa: punje isipopitia majuma kadhaa ya baridi, mwakani itatoa kitunguu cha duara kisichogawanyika. Ndiyo maana anayepanda wakati wa machipuko huvuna kidogo. Panda wiki mbili hadi nne kabla ardhi haijaganda, yaani Oktoba kwenye majimbo ya kaskazini kabisa, na hadi katikati ya Novemba kwenye majimbo kama Kentucky. Mizizi inaota kabla ya theluji, majani yanasubiri.

Usinunue kitunguu cha dukani cha kupikia. Kingine hupuliziwa dawa ya kuzuia kuchipua, na mara nyingi ni aina ya sehemu zenye joto. Tafuta aina yenye shina gumu katikati, ambayo inavumilia baridi; maktaba huwa na mbegu yake, au wakulima wa soko la Jumamosi wanayo. Tenganisha punje siku ya kupanda bila kumenya ganda. Chagua kubwa, ndogo peleka jikoni. Zifukie sentimita 5 hadi 8, ncha ikitazama juu, nafasi ya sentimita 15 kati ya moja na nyingine. Kisha tandaza majani makavu au nyasi kavu sentimita 10 hadi 15 juu yake. Matandazo haya hayapo kwa ajili ya kupasha joto. Kazi yake ni kuzuia ardhi isigande na kuyeyuka na kuganda tena, jambo linalosukuma punje nje ya udongo.

Juni aina hii hutoa kikonyo cha maua kilichojikunja. Kikate na ukikaange na mayai. Kukikata pia kunaongezea kitunguu unene. Mavuno ni Julai, majani ya chini yakishakuwa ya njano. Vianike kivulini penye hewa kwa wiki mbili hadi nne.

Mbona naona wanapanda maua wakati watu wanatafuta chakula?

Wazee wengi huuliza hili, na wana haki ya kuuliza. Vile vitunguu vidogo wanavyofukia ni vya tulipu, dafodili na kroka, navyo hupandwa vuli tu, kwa kina cha mara tatu ya urefu wake. Kroka huchanua theluji ikiwa bado haijaisha, na nyuki wa mwanzo wa msimu hupata chakula hapo, nao ndio watakaochavusha maboga yako Julai. Kwa hiyo yana nafasi yake, ingawa kwa maoni yangu kitanda chenye jua zuri kiachiwe chakula na maua yakae pembezoni.

Onyo la kweli: kitunguu cha dafodili kinafanana na kitunguu cha kupikia na kina sumu. Kisiachwe jikoni, wala kisipandwe kwenye kitanda kimoja na vitunguu vya kula.

Majani ya miti yamejaa kila mahali. Tuyachome?

Hapana. Miji mingi inakataza kuchoma, na hata pasipokatazwa ni hasara. Majani haya ni mali.

Njia rahisi: pitisha mashine ya kukatia nyasi juu yake ili yawe vipande, kisha yatandaze kwenye vitanda. Majani mazima yakiloa hushikamana na kuwa mkeka usiopitisha maji wala hewa. Yanayobaki yarundike kwenye uzio wa waya, na baada ya mwaka mmoja au miwili utapata udongo mweusi, mwepesi, unaoshika maji vizuri mno.

Kwa mboji ya kawaida, changanya mafungu mawili au matatu ya majani makavu kwa fungu moja la vitu vibichi: maganda ya mboga, unga wa kahawa uliochujwa, magugu yasiyo na mbegu. Rundo liwe angalau mita moja kila upande, la sivyo halitapata moto wa ndani. Wakati wa baridi kali mboji inasinzia. Iache, isigeuzwe, itaamka Machi. Bustani nyingi hupokea mifuko ya majani kutoka kwa majirani, na swali la kuwauliza ni moja: mlipulizia dawa ya magugu kwenye nyasi? Wakisema ndiyo, shukuru na usipokee. Majani ya mti wa jozi mweusi (black walnut) nayo yawekwe mbali na kitanda cha nyanya, kwa kuwa yana kemikali inayozidhuru.

Je, tung’oe kila kitu tubaki na udongo mtupu?

Mtu aliyelelewa kuona shamba safi ndilo shamba la mkulima hodari atapata shida hapa, lakini jibu ni hapana. Ng’oa na uondoe kabisa miche ya nyanya yenye madoa, maana magonjwa kadhaa hulala kwenye mabaki yake hadi mwakani. Usiitie kwenye mboji. Maharage na mbaazi zikate usawa wa ardhi, uache mizizi ioze humo humo. Mashina makavu ya maua yaache yasimame, nyuki wa porini hulala ndani yake na ndege hula mbegu zake.

Udongo usiachwe uchi. Mvua na upepo wa miezi mitano vitauchukua.

Naona wanamwaga mbegu kama za ngano kwenye vitanda vitupu. Ni nini?

Ni rai, nafaka jamaa ya ngano. Haivunwi. Inaota hata kwenye ubaridi, inashika udongo, na wakati wa machipuko inakatwa na kufukiwa kama mbolea. Ifukie wiki mbili tatu kabla ya kupanda, kwa sababu ikianza kuoza huzuia mbegu ndogo kama za karoti na mchicha zisiote. Minnesota hupandwa Septemba na mwanzo wa Oktoba. Ukichelewa, funika kitanda kwa majani tu.

Maktaba ya mbegu inafanyaje kazi?

Ndani ya jengo kuna kabati, mara nyingi lile lile la droo ndogo lililokuwa na kadi za vitabu kabla ya kompyuta. Kila droo ina pakiti. Unachukua kiasi kilichoruhusiwa kwa mwaka, unaandika jina la mbegu kwenye daftari, basi. Hakuna faini usiporudisha.

Safari yake haikuwa rahisi. Mwaka 2014 maktaba ya Joseph T. Simpson ya Mechanicsburg, Pennsylvania, iliambiwa na idara ya kilimo ya jimbo kwamba kugawa mbegu zilizovunwa na wananchi kunagusa sheria ya mbegu ya mwaka 2004, ambayo ilitungwa kwa ajili ya wafanyabiashara. Habari ilienea nchi nzima na wakulima wa bustani wakapaza sauti. Hadi kufikia 2016, majimbo ya Minnesota, Nebraska, Illinois na California yalikuwa yamerekebisha sheria zao ili kubadilishana mbegu bila kuuziana kusihesabiwe biashara, na Pennsylvania nayo ikafafanua msimamo wake. Mimi naona huo ni ushindi mkubwa wa watu wa kawaida. Mkulima asiye na mbegu yake mwenyewe anaishi kwa kuomba, na babu zetu walilijua hilo.

Mwishoni mwa vuli ndipo mbegu zinarudishwa. Rahisi kuanza nazo ni maharage, kunde, nyanya, saladi na pilipili, kwa sababu kwa sehemu kubwa hujichavusha zenyewe. Maboga na mahindi huchanganyika na ya jirani; mbegu ya boga lako inaweza kuzaa kitu kisicholika vizuri. Mbegu chotara za dukani pia hazirudii umbo la mama yao.

Maharage yakaukie kwenye maganda hadi yalie ukiyatikisa. Nyanya: kamua mbegu na maji yake kwenye glasi, acha siku mbili au tatu hadi zianze kuchacha kidogo, osha, anika kwenye sahani (kwenye karatasi zinanata). Lengalenga: kata kichwa kilichokauka, kipigepige ndani ya mfuko wa karatasi, pepeta kwa ungo kama kawaida, mche mmoja unatosha mtaa mzima. Weka mbegu kwenye bahasha, bahasha ndani ya chupa yenye kifuniko, mahali pakavu na baridi.

Na tafadhali andika kwenye bahasha: jina, mwaka, mahali ilipolimwa. Kama ni mbegu ya kwenu, andika jina la kwenu pia. “Lengalenga” na “intoryi” kwenye droo ya maktaba ya Iowa yana thamani kwa mtoto atakayekuja kuyasoma hapo.

Naweza kuletewa mbegu kutoka nyumbani?

Si kwenye sanduku la safari kimyakimya. Mbegu zinazoingia Marekani zinahitaji cheti cha afya ya mimea au kibali maalumu cha mafungu madogo kutoka Wizara ya Kilimo, na abiria anatakiwa kutangaza alichobeba. Asipotangaza anaweza kutozwa faini. Sheria ina sababu: mbegu hubeba virusi na wadudu. Lengalenga, kunde, bamia na nyanya chungu za Afrika zinauzwa hapa hapa na kampuni ndogo za mbegu. Nyanya chungu zinahitaji msimu mrefu, kwa hiyo ziote ndani ya nyumba kuanzia Machi.

Mihogo? Migomba?

Haistahimili. Kisamvu, au sombe, kitaendelea kutoka dukani.

Kadi ya chakula ya SNAP inanunua mbegu?

Ndiyo. Tangu mwaka 1973 sheria inaruhusu kununua mbegu na miche ya mimea inayozaa chakula, kwenye duka lolote linalopokea kadi hiyo. Maua hayaruhusiwi. Watu wengi hawalijui hili, waambie majirani. Kumbuka tu kwamba maduka mengi huondoa mbegu rafuni vuli inapoanza, na huzirudisha Januari au Februari.

Udongo wa mjini ni salama?

Usiuamini kabla haujapimwa. Rangi za nyumba za zamani zilikuwa na risasi (madini yenye sumu, lead kwa Kiingereza), petroli ya zamani pia, na risasi hiyo bado imo ardhini kandokando ya nyumba na barabara. Ni hatari hasa kwa watoto. Ndiyo maana vitanda vya maktaba huwa vimeinuliwa kwa mbao na kujazwa udongo mpya.

Ukitaka kulima nyumbani kwako, chukua udongo wa sehemu kadhaa, kina cha sentimita 15 hivi, changanya, peleka kwa huduma ya ugani ya chuo kikuu cha jimbo. Huduma hii ipo kila jimbo tangu sheria ya mwaka 1914, na ndiyo bwana shamba wa huku; ada yake ni ndogo. Sema wazi kwamba unataka risasi ipimwe, kwani mara nyingi haimo kwenye kipimo cha kawaida. Vuli ni wakati mzuri wa kupima: maabara hazina foleni, na chokaa ikihitajika inachukua miezi kufanya kazi, hivyo ikiwekwa sasa itakuwa tayari Mei.

Watoto wangu watafanya nini?

Mengi. Kupanda saumu, kukimbia kwenye rundo la majani, kupakia mbegu kwenye bahasha ndani ya maktaba baridi inapozidi. Desemba na Januari hupandwa mbegu kwenye madumu ya maziwa yaliyokatwa: udongo ndani, matundu chini, dumu linafungwa kwa utepe wenye gundi na kuachwa nje kwenye theluji bila kifuniko. Mbegu za keli na saladi huota zenyewe wakati wake ukifika. Mtoto analikimbilia dumu lake kila wiki.

Nivae nini?

Nguo nyembamba kadhaa badala ya moja nene, soksi za sufu, buti zisizopitisha maji. Glavu zipo maktaba.

Mbona bomba halitoi maji?

Maji ya bustani hufungwa na mipira kukamuliwa kabla ya baridi kali, kwa sababu maji yakiganda hupasua mabomba. Mwagilia saumu mpya kwa ndoo mara moja ukishapanda, inatosha. Siku hiyo hiyo vifaa huoshwa, hukaushwa na kupakwa mafuta ya kula kwenye chuma, mipini ikisuguliwa kwa msasa. Ni siku nzuri ya kujifunza majina yake yote kwa Kiingereza.

Mazao anakula nani?

Inategemea. Kwenye vitanda vya mtu binafsi, mavuno ni yako. Kwenye vitanda vya pamoja, sehemu huenda kwa waliofanya kazi na sehemu kwenye ghala la chakula cha msaada. Uliza mapema ili pasiwe na manung’uniko. Maktaba nyingine huweka meza mlangoni: aliye na ziada anaacha, anayehitaji anachukua bila kuulizwa.

Maktaba ya mtaani kwetu haina bustani. Tufanyeje?

Anzeni na droo. Kuomba ardhi kunahitaji bajeti, bima na maji, lakini sanduku moja la mbegu juu ya meza halihitaji chochote isipokuwa mkutubi aliyekubali. Nendeni watu watatu wanne, si mmoja, mkiwa na mbegu zenu mkononi. Mikutano ya bodi ya maktaba huwa ya hadhara, na kwa kawaida kuna dakika chache za mwananchi kusema. Mnaweza kumleta kijana awatafsirie. Ulizeni pia kuhusu chama cha marafiki wa maktaba, ambacho huchanga fedha kwa kuuza vitabu vilivyotumika na mara nyingi hutafuta jambo la kuligharamia.

Kama mnataka ardhi kubwa zaidi, Kamati ya Kimataifa ya Uokoaji (IRC) ina mpango wa kilimo kwa wakimbizi uitwao New Roots kwenye miji kadhaa, na Des Moines, Iowa, kuna Global Greens, ambako familia za Kiburundi zinalima na kuuza sokoni. Wapigieni simu Desemba, wanapopanga msimu ujao.